Kuruka na windisafu Paje: mwongozo kamili kwa anaejua kusimama lakini hajawahi kupaa hewani

Vijana wengi wa Paje na Jambiani, huku pwani ya mashariki ya Unguja, siku hizi wanakimbilia kaiti, ile bodi inayovutwa na tiara kubwa, na siwalaumu, mana kaiti inafundishika haraka na kazi zake zipo. Ila windisafu, ile bodi yenye mlingoti na tanga, haijafa, na wapo wanaojua kusimama vizuri tu, wanajua kwenda na kurudi, alafu wamekwama hapohapo, kila msimu wanaangalia wakaiti wakipaa juu ya vichwa vyao. Huu mwongozo ni wa hao. Ntakupeleka kuanzia kusoma maji mpaka mruko wa kwanza, ule mdogo wa kimo cha goti, unaotumia viwimbi vya ndani ya mwamba. Mawimbi makubwa ya mlangoni, pale mwamba ulipoachana, hayakuhusu kwa sasa.

Na nianze na kitu ambacho wengi hawapendi kukisikia: Paje anaekufundisha kuruka ni maji, upepo unakuja wa pili. Watu wanafungua simu, wanaona upepo upo, wanabeba tanga mbio mpaka pwani, maji hata hawakuyauliza yako wapi. Matokeo yake ama wanapiga saa nzima kwenye maji yaliyolala ambayo hayana hata kiwimbi kimoja cha kukurusha, ama fini, lile pezi la chini ya bodi, inakwangua mchanga na mtu anarushwa yeye mbele, bodi inabaki nyuma.

JIPIME KWANZA

Uwe unajua kuogelea, hilo halina mjadala, na kuzaliwa pwani sio kujua kuogelea, tunawajua wengi. Alafu uwe unaweza kuinuka majini, yaani umeanguka kwenye kina, unalaza mlingoti upande wa upepo, unanyanyua tanga kidogo upepo uingie chini yake, tanga lenyewe linakuvuta mpaka juu ya bodi. Kama bado unategemea ile kamba ya kuvutia tanga kila ukianguka, subiri, mana kwenye mazoezi ya kuruka utaanguka sana na mgongo utakufa kabla hujajifunza chochote.

Uwe umezoea hanesi, ule mshipi wa mwilini wenye ndoano unaokufunga na tanga. Uwe umeshafika pale ambapo bodi inapanda juu ya maji na kuteleza, ule mlio unabadilika na unaona povu limebaki nyuma kabisa, na miguu yote miwili iko kwenye mikanda bila kuangalia chini. Na uwe unaweza kupiga bisho, yaani kuupanda upepo kwa kwenda kimshazari, ukarudi ulipotokea. Anaeishia Bwejuu, kijiji cha jirani upande wa kaskazini, kila siku akarudi kwa miguu amebeba tanga kichwani huyo bado, aanze na kupanda joshini, yaani upande upepo unakotoka, kwanza.

Mtu alieendesha ngalawa na baba yake au wajomba ana nafasi nzuri sana hapa. Joshi anaijua, demani, yaani upande upepo unakoelekea, anaijua, upepo anausikia shavuni kabla haujafika. Anachokosa ni kasi tu.

KUSI NA KASKAZI, NA MGUU GANI UKO MBELE

Kusi la Juni mpaka Septemba ndo msimu wa kazi. Upepo unatoka kusini mashariki, unatulia siku nyingi mfululizo, na siku nzuri unakuwa noti 15 mpaka 20, yaani kama kilomita 28 mpaka 37 kwa saa. Kaskazi la Disemba mpaka Februari nalo linafaa, kuna joto, maji yana rangi nzuri, upepo mara nyingi unaamka mchana. Katikati hapo, masika ya Machi mpaka Mei na zile wiki za vuli, upepo hauna msimamo, leo upo kesho hakuna, tumia muda huo kushona tanga lako na kutafuta mikanda.

Sasa kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi. Ukisimama pwani Paje ukiangalia bahari, kusi linakujia mkono wa kulia na kaskazi mkono wa kushoto. Maana yake msimu wa kusi ukiwa unatoka kwenda nje mguu wa kulia ndo uko mbele, ukirudi ni wa kushoto. Kaskazi ni kinyume chake. Kila mtu ana upande anaoupenda, na mtu aliejifunza kuruka Julai akitoka nje anaweza kuja Januari akajiona kama hajui kitu, wakati kilichobadilika ni mguu tu. Kwa hiyo tokea mwanzo fanya mazoezi ukitoka na ukirudi, hata kama upande mmoja unakuudhi.

Upepo wa kuanzia kuruka ni noti 15 hadi 18. Chini ya hapo bodi haina kasi, juu ya 22 kwa mtu anaejifunza kila kosa linakuwa ghali. Kama huna kipimo angalia bahari: mapovu meupe yakianza kuonekana huku na kule ni kama noti 12, yakijaa kila unapoangalia tayari umefika 15 na zaidi. Minazi ya Paje inapiga kelele mapema sana, usiiamini.

MAJI

Hapa naomba utulie usome taratibu.

Maji yetu yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kukupwa inakaribia mita 4, na pwani ya mashariki ilivo tambarare bahari inakimbia mbali mpaka karibu na mwamba, unabaki mchanga, madimbwi na wamama na mwani wao. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, maji hayajai sana na hayakauki sana.

Bahati yetu ni kwamba bamvua la hapa linajaa kama saa kumi alasiri na kukupwa kama saa nne asubuhi, hivo mchana maji yanapanda wakati uleule upepo umeshaamka. Siku za maji mafu mambo yanageuka, maji yanajaa asubuhi na kupungua alasiri, lakini kwa kuwa hayapungui sana bado unaweza kupata kina ukienda mbele kidogo.

Mwamba wa nje unafanya kazi ya geti. Maji yakiwa nusu, mwamba unavunja mawimbi yote kule nje na ndani kunakuwa laini, hapo ni pa kutafuta kasi. Maji yakizidi kupanda mawimbi yanaanza kuvuka juu ya mwamba, yamepungua nguvu lakini yanafika, yanachanganyika na viwimbi vya upepo na ndani kunaanza kuchafuka kidogo kidogo. Huo uchafuzi ndo ngazi yako ya kupandia. Wanaoanza wanaukimbia, wanasema leo maji mabaya narudi nyumbani, wakati ndo saa ya kuruka imefika!

Ratiba ya siku ya bamvua basi inakuwa hivi. Saa saba mchana unafunga tanga bila haraka. Saa nane unaingia, maji yako nusu, unapiga kasi tu, unapasha mwili, unahakikisha mikanda iko sawa. Kuanzia saa tisa viwimbi vinaanza kusimama na hapo unaanza kujaribu, mpaka saa kumi na nusu hivi maji yakiwa yamejaa na kuanza kugeuka. Saa kumi na moja uko nje ya maji. Usibaki kwa tamaa, mana maji yakianza kutoka yanatafuta milango ya mwamba na mkondo wa kule hauna mazoea na mtu, na jua letu likishuka linashuka, hakuna kiza cha pole pole.

Kina cha kuruka kiwe cha kifuani au zaidi. Chini ya hapo ukianguka mlingoti unapiga chini na kuvunjika, na mlingoti ukivunjika Paje kuupata mwengine sio kazi ya siku moja.

VIFAA, LAKINI KWA UFUPI

Bodi. Kwa mtu wa kilo 70 mpaka 75 bodi ya lita 100 mpaka 115 inafaa. Zile ndefu za kujifunzia za lita 160 na kuendelea zenye mkuku wa katikati haziruki, zinakutesa tu. Kubwa sana inashika upepo tumboni ikiwa hewani na kukugeuza, ndogo sana inazama kila upepo ukipungua.

Tanga la mita za mraba 5.5 mpaka 6 kwa upepo huo na uzito huo. Kama uko kati ya mawili chukua dogo. Vuta kamba ya chini ya mlingoti mpaka ukingo wa nyuma wa tanga ulegee kule juu, watu wanaona huruma kuvuta, wanabaki na tanga lililojaa tumbo ambalo likikutana na dharuba ya upepo linakunyanyua kwa ghafla. Bumu, yaani ile fito unayoshika, iwe usawa wa mabega. Hanesi ya kiuno ni bora kuliko ya makalio kwa kuruka, mana miguu inakuwa huru kukunja.

Fini isiwe ndefu. Sentimita 25 hadi 30 inatosha, maji yetu mafupi.

Mikanda ya miguu ndo nataka tuizungumze. Windisafu ilipoanza mikanda haikuwepo kabisa, Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California waliposajili bodi yao mwishoni mwa miaka ya 1960 mtu alikuwa anasimama juu yake wazi. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Kailua, Hawaii, ambako watu walianza kuruka mawimbi na bodi inawatoka miguuni hewani, ndo wakapachika mikanda. Hukohuko Kailua ndo alikokulia Robby Naish, alieshinda ubingwa wa dunia 1976 akiwa na miaka 13. Bila mkanda hakuna kuruka, na mkanda ambao haujakaa sawa ni mbaya kuliko kutokuwa nao. Ukiingiza mguu vidole vyote vionekane upande wa pili na mkanda ubane kwenye mgongo wa mguu. Ukiwa mpana mguu unapita mpaka kifundo, siku utakayoanguka mguu unabaki ndani, bodi inazunguka, na kifundo kinakwenda nayo. Ukiwa mwembamba vidole tu vinaingia na bodi itakuponyoka. Mikanda ya mbele isogeze ndani kidogo, isiwe ukingoni kabisa, na nyuma tumia mkanda mmoja wa katikati.

Viatu vaa. Mawe yapo, vijiti vya mwani vipo, na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wapo. Ila viatu vinaongeza unene, kwa hiyo pima mikanda ukiwa umevivaa, usipime peku nyumbani ukaja kuvaa pwani.

Kofia ngumu na jaketi la kuelea. Najua wengi mtacheka, lakini bumu ikikurudia kichwani huchagui pa kupigwa.

NCHI KAVU

Ng'oa fini, weka bodi kwenye mchanga laini, simama juu yake miguu ndani ya mikanda na umeshika bumu, upepo ukiwa mdogo. Ukikosa upepo funga kamba kwenye mnazi uivute.

Unachofanya ni hiki. Kunja magoti, uzito weka mguu wa nyuma. Sukuma chini kwa mguu wa nyuma, na papo hapo vuta goti la mbele juu, alafu kisigino cha nyuma kifuate mpaka karibu na tako. Rudia mpaka usiwaze. Mpangilio ni huo: sukuma nyuma, nyanyua mbele, kunja nyuma. Mtu anaenyanyua miguu yote kwa pamoja bodi inatoka ikiwa imelala na inatua imelala, na anaenyanyua wa nyuma kwanza anachimba maji kwa omo, yaani pua ya bodi. Watoto watakusanyika kukuangalia ukirukaruka mchangani na bodi, waache wafurahi.

Zoezi la pili ni la mikono. Shika bumu jining'inize kidogo, uone namna uzito wako unavotoka kwenye bodi na kuhamia kwenye tanga. Hii ndo siri ambayo wengi hawaijui, wanadhani kuruka ni nguvu za miguu. Miguu inaanzisha tu, bodi inakuwa nyepesi kwa sababu wewe umejitundika.

KASI BILA KURUKA

Ukiingia majini nusu saa ya kwanza usiruke. Tafuta kasi upepo ukiwa ubavuni kabisa, tanga limefungwa, yaani umelivutia kwako, mwili nje. Alafu jizoeze kuchomoka kwenye hanesi bila kupunguza kasi: unavuta bumu kidogo kwako, ndoano inatoka, unaendelea kuteleza kwa mikono kwa muda wa kuvuta pumzi tano sita, unajifunga tena. Ukiweza hilo pande zote mbili uko tayari.

Kwanini kuchomoka? Kwa sababu mwanzoni utaanguka vibaya, na ukianguka umefungwa tanga linakuchukua kama lilivo mpaka juu ya omo. Waliozoea wanaruka wakiwa wamefungwa, utafika huko, sio leo.

Kwenye maji laini jaribu pia viruko vidogo vidogo: kasi ikiwa nzuri, jitundike kidogo na ukunje mguu wa nyuma ili tezi tu, yaani nyuma ya bodi, litoke kwenye maji na kurudi. Haipendezi kwa mtazamaji lakini inafundisha fini kuachia na kushika tena.

MRUKO WENYEWE

Kasi kamili, upepo ubavuni, umechomoka hanesi, mikono imeachana kidogo zaidi ya kawaida. Macho mbele, mita 10 mpaka 15, upande wa joshi. Viwimbi vya upepo vinakwenda sambamba na njia yako, ndo mana ukienda moja kwa moja hupandi kitu, unapita bondeni tu. Unachotafuta ni kile chenye mgongo mkali kidogo kuliko wenzake, hakina haja ya kuwa kikubwa, kimo cha goti kinatosha kabisa.

Umekiona. Chuchumaa kidogo, magoti yakunjike, uzito ushuke nyuma. Kwa visigino geuza bodi joshini, kidogo tu, omo ianze kukipanda. Ukigeuza sana unaua kasi na tanga linapoteza upepo.

Omo ikifika juu ya kiwimbi, hapo hapo, sio baadae, sukuma kwa mguu wa nyuma kwa nguvu zako zote. Goti la mbele juu. Kisigino cha nyuma takoni. Wakati huohuo mikono inavuta bumu ije karibu na kichwa na unalaza mlingoti kidogo joshini, ili tanga liwe kama linakufunika na upepo ukunyanyue badala ya kukusukuma tu. Maelezo marefu haya yote yanatokea mtu akisema bismillah na hajamaliza.

Ukiwa hewani kuna kazi moja: mkono wa nyuma usifungue. Mwili unaogopa, na ukiogopa mkono wa nyuma unaachia wenyewe, tanga linafunguka, na kila kitu kinaharibika. Vuta. Angalia unakotaka kutua, ukiangalia miguu ndo umeanguka. Na mguu wa mbele sukuma kidogo upande wa demani ili omo igeuke kutoka kwenye upepo.

Kutua ni sawa na kushuka daladala ambayo bado inatembea: magoti yamelegea na unaelekea inakoelekea. Tezi liguse kwanza, fini iingie, alafu omo ifuate, bodi ikiwa imeelekea kidogo demani. Ukitua hivo unaendelea kuteleza kama hakuna kilichotokea, unajifunga hanesi, unatafuta kingine. Ukitua bodi ikiangalia joshini inasimama ghafla na wewe unaendelea na safari.

Mara ya kwanza utadhani umeruka mita moja, mwenzako pwani atakwambia sijaona kitu. Ni kawaida. Muombe akae karibu na usawa wa maji achukue video kwa simu, mana ukisimulia mwenyewe utajidanganya.

UKIONA HIVI, TATIZO NI HILI

Bodi haitoki kabisa, inagonga kiwimbi na kupita. Hii ni kasi, na kasi inapotea kwa woga, watu wengi wanaegemea nyuma na kufungua tanga hatua mbili kabla ya kiwimbi bila kujijua. Dawa yake ni kupita juu ya viwimbi kumi bila nia ya kuruka, tanga limefungwa, mpaka woga utoke.

Bodi inatoka lakini inageuka joshini na unaanguka chali. Mkono wa nyuma uliachia, au uligeuza sana kabla ya kuruka. Mara nyingi yote mawili.

Omo inachimba wakati wa kutua. Ulisahau goti la mbele, au ulimwaga uzito kwenye bumu upande wa mbele. Rudi mchangani, nasema kweli, dakika kumi za mchangani zinatibu hili kuliko saa nzima ya kunywa maji ya chumvi.

Ukitua tezi linateleza pembeni, fini haishiki. Umesukuma mguu wa nyuma mapema kabla fini haijazama. Ukigusa maji mguu wa nyuma uwe mwepesi kwanza, kasi irudi, ndo uukanyage. Likitokea limetokea, inua uzito kidogo, vuta mguu wa nyuma chini ya mwili, fini itashika yenyewe.

Unatua bapa, pah! Hii ndo mbaya kwa vifundo na magoti na kwa bodi pia, bodi zinapasuka omo kwa mtindo huu. Ukiona unatua bapa mara mbili tatu mfululizo umechoka, toka upumzike. Mtu aliechoka hajifunzi kuruka, anajifunza kuanguka.

Na ukijiona unaanguka kutoka juu, usiachie bumu kwa papara. Ukiachia tanga linaruka linakotaka na bodi vilevile. Shikilia, jikunje, ingia majini pamoja nalo, ukiibuka tanguliza mkono juu ya kichwa.

WENGINE WALIOMO MAJINI

Wakaiti kamba zao zina mita 20 na ushei, kwa hiyo mtu anaweza kuwa mbali na wewe na kaiti yake ikawa juu ya mlingoti wako. Kabla hujaruka angalia nyuma na upande wa demani, utatua demani ya ulipotokea kila mara. Sheria ya njia ni ile ya bahari nzima, mnapokutana uso kwa uso mwenye mkono wa kulia mbele ana haki, wa kushoto apishe. Msimu wa kusi anaetoka nje ndo mwenye haki, kaskazi ni anaerudi. Lakini haki isikupeleke hospitali, mwanafunzi wa kaiti mwenye macho ya woga mpishe tu, hajui hata mkono wake upi.

Wamama wa mwani. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani 1989, kaiti haijajulikana hapa, na kamba zao zikikatwa na fini yako ni pesa ya skuli ya watoto imeondoka. Maji yakijaa hivyo vijiti huvioni, kwa hiyo nenda ukavitazame asubuhi maji yakiwa yamekupwa, uweke akilini mstari wake kwa kulinganisha na nyumba za pwani. Ukikata kamba mtafute mwenyewe umwambie shikamoo bi mkubwa, nimekukatia kamba yako, mlipe au umfungie. Asubuhi hiyohiyo angalia na mawe yako wapi, unapata faida mara mbili.

Na ukitoka majini kupita kijijini funika mwili, hilo najua unalijua.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Mlingoti umevunjika au upepo umekufa: usiiache bodi. Bodi inaelea na inaonekana, kichwa cha mtu hakionekani. Chomoa tanga likunje ukiweza, ukishindwa liache lende, lala kifudifudi upige makasia kwa mikono. Kusi litakusogeza pwani upande wa Bwejuu, kaskazi litakusogeza upande wa Jambiani, kwa hiyo usipigane nalo, kata kimshazari kuelekea nchi kavu. Ukihitaji msaada kaa juu ya bodi, panua mikono yote miwili na uishushe na kuipandisha taratibu. Na kabla ya kuingia mwambie mtu mmoja pwani unaingia na utatoka saa ngapi, mtu mwenye simu yenye chaji.

Ukikanyaga mwenye miiba usiuchokonoe kwa pini ya nguo. Loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, wengi pwani hupaka maziwa ya papai, vipande vidogo vinatoka wenyewe kwa siku kadhaa. Ukiingia kwenye kiungo au ukaanza kuvimba na homa, nenda hospitali. Michubuko ya mawe osha kwa maji baridi na sabuni siku hiyohiyo, inaoza haraka.

Kila baada ya kuruka, kabla hujafungua tanga, shika vitu viwili uvitikise: skrubu ya fini na kitako cha mlingoti pale kinapokaa kwenye bodi. Kutua kunavilegeza kidogo kidogo bila wewe kusikia, na fini ya kwanza kupotea Paje huwa inapotea siku ambayo mtu ameanza kuruka vizuri. Skrubu za mikanda nazo kaza, na uwe na moja ya akiba ndani ya begi pamoja na bisibisi yake.